Usimwage

Mtungi bado uko nyuma ya nyumba ya Mama, Kayole. Ndani kuna kitu kizito, rangi ya kahawia, kinanuka sabuni na chipo za jana. Ni gliseroli, na ni yangu.

Nilipoacha chuo, kemia mwaka wa tatu, karo imenishinda, mimi na beshte yangu tuliamua kutengeneza dizeli. Mama huuza chipo, kwa hivyo mafuta yaliyochoka tulipata bure. Unayachuja, unayapasha moto, unaweka methanoli na kostiki soda, unangoja. Asubuhi dizeli iko juu, gliseroli imekaa chini, karibu kilo moja kwa kila kilo kumi za dizeli. Dizeli iliuzika. Gliseroli hakuna aliyeitaka.

“Sasa hii nayo utaipeleka wapi?” Mama akauliza.

Ile gliserini anayojipaka usoni ni kitu hicho hicho, lakini safi. Yetu ina methanoli na sabuni, na kuisafisha ni gharama kuliko bei yake.

Usiku nikaanza kusoma. Kuna unga mweupe, taitaniamu dioksidi, uliomo hata kwenye rangi ya ukuta. Mwaka wa 1972, Wajapani wawili, Fujishima na Honda, walionyesha kwamba ukiupiga mwanga, unaweza kupasua maji. Gliseroli huubadilika kwa urahisi zaidi: inatoa haidrojeni, na yenyewe inageuka kemikali za bei. Moja ni dihaidroksiasetoni, ile ya losheni za Wazungu wanaotaka rangi ya jua bila kuota jua. Nilicheka peke yangu.

Lakini kuna shida mbili. Unga huo hutumia miale ya urujuanimno tu, ambayo ni kama asilimia 5 ya nguvu ya jua linalotufikia. Halafu mmenyuko ukiachwa uendelee, kila kitu kinaishia kuwa kaboni dioksidi. Kazi ya watafiti ni kuusimamisha katikati, maana thamani iko hapo katikati.

Hiyo sentensi niliisoma mara mbili. Tangu niache chuo, watu wangu husema niliishia njiani kana kwamba njiani hakuna kitu.

Wiki jana Mama aliuliza tena kama amwage. Nikamweleza yote, hadi losheni.

“Kwa hivyo si takataka?”

“Bado, Mama.”

Akaenda akaleta kalamu ya maka, akaniambia niandike kwa mtungi.