Namba 56 Ilivyonitia Ganzi Vidoleni

Wadau, nilipotea kidogo. Si kwamba nilikuwa nafukuzia habari kubwa, la hasha. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na cha pete, vilikuwa vinakufa ganzi. Kwa mtu anayekula kwa kuchapa habari, hilo si jambo la mchezo.

Chanzo ni baiskeli. Nilichoka kugombea daladala za asubuhi pale Mwenge, nikanunua baiskeli ya mbio ya mtumba. Muuzaji aliniangalia juu hadi chini, akasema, "Braza, hii hamsini na sita, saizi yako kabisa." Nikaamini. Nusu ya mshahara ikaenda.

Wiki ya kwanza shingo iliuma. Ya pili, ganzi. Nikasogeza tandiko mbele ili nifikie usukani vizuri. Ganzi ikapungua kidogo, magoti nayo yakaanza kulalamika. Nikatangaza kuwa nauza.

Fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyenizuia. "Kijana, hiyo hamsini na sita imepimwa kutoka wapi hadi wapi?" Nikaona aibu. Mhariri wangu huniuliza hivyo hivyo kila nikimpelekea takwimu.

Kumbe 56 ni sentimita za bomba la tandiko tu, kuanzia ekseli ya pedeli hadi juu ya bomba. Tandiko lenyewe unalipandisha na kulishusha utakavyo, hivyo namba hiyo haikuambii utainama kiasi gani. Tena tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Mwingereza Mike Burrows alipobuni TCR ya kampuni ya Giant yenye bomba la juu linaloteremka kuelekea nyuma, bomba la tandiko likawa fupi na namba hiyo ikazidi kupoteza maana.

Tukasimamisha baiskeli wima, gurudumu la nyuma likigusa ukuta. Tukapima kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya pedeli, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya mdomo wa juu wa bomba la mbele, lile linaloshika uma. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo inayokuambia fremu inakuvuta mbele kiasi gani. Yangu: sentimita 41. Ukifanya hivyo hivyo kutoka sakafuni unapata kimo cha sehemu ya mbele. Tukaleta baiskeli ya jirani, nayo ni 56. Ikatoa 38. Namba moja, baiskeli mbili tofauti kabisa!

Kosa langu la pili lilikuwa tandiko. Bomba lake limelala kwa nyuzi kama 73 ili miguu ikae sawa juu ya pedeli. Mahali pa tandiko ni mali ya miguu, si ya mikono. Tukalirudisha nyuma, kisha tukabadilisha kile chuma kinachoshika usukani, kutoka sentimita 12 hadi 9, na kukipandisha kidogo. Gharama haikufika hata ya nauli ya wiki mbili.

Leo nachapa haya kwa vidole vyote kumi. Baiskeli haiuzwi tena, wale mlionipigia mnisamehe. Na wewe ukiambiwa "hii saizi yako", uliza kwanza: kutoka wapi hadi wapi?

Alamsiki.