Bonyeza tu uendelee

Jamani, kuna kosa nililofanya mwaka 2022 ambalo bado linaniuma. Leo nalitoa.

Nilikuwa nikitunza tovuti ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Machakos. Wanachama huingia humo kuangalia salio, kwa hivyo tovuti lazima iwe na cheti, kile kinachofanya anwani ianze na https ili mtu aliye njiani asisome nywila zao. Nilichukua cha bure, cha Let's Encrypt. Basi nikaanza kuhamisha tovuti kwenye seva mpya, na kila nilipokosea nilifuta seva nzima nikaanza upya. Cheti na ufunguo wake wa siri vikafutika pia. Naomba kingine. Nafuta. Naomba kingine.

Mara ya sita nikakataliwa. Kumbe hawatoi zaidi ya vyeti 5 vya majina yale yale katika siku 7. (Ningeongeza jina moja tu kwenye ombi, lingehesabiwa kuwa ombi jingine. Siku ile sikujua, nilibaki nikitoa jasho.) Nikaweka cheti nilichojitilia sahihi mwenyewe.

Katibu wa chama akanipigia: "Kijana wangu, simu inaniambia kuna watu wanataka kuniibia."

"Usijali mama, bonyeza pale chini uendelee tu."

Akaelewa upesi, kisha akawafundisha wanachama wengine. Hapo ndipo penye uchungu. Cheti halali kilirudi baada ya siku chache, lakini mtu aliyezoeshwa kupuuza onyo la kivinjari habadiliki haraka hivyo. Mwizi halisi akijiingiza katikati, wataona onyo lile lile na kubonyeza pale pale nilipowaonyesha.

Tangu hapo najaribia vyeti ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta yako. Natumia VirtualBox, ndani yake Debian isiyo na madirisha, gigabaiti 1 ya kumbukumbu, na nginx. Mtandao wake ni wa ndani tu, anwani 192.168.56.101, kwa hivyo ukishapakua Debian bando haliguswi. Jina nimelipa chama.test. Mwisho huo wa .test ulitengwa kwa majaribio tangu mwaka 1999, hakuna anayeweza kuununua. Andika jina na anwani kwenye faili la hosts, basi.

Let's Encrypt haiwezi kuthibitisha jina kama hilo, kwa hivyo unakuwa mamlaka wewe mwenyewe: kwa OpenSSL unatengeneza cheti cha mamlaka, unakitumia kutilia sahihi cheti cha seva, kisha unakiingiza kwenye kivinjari. Jina la tovuti liandikwe kwenye sehemu ya subjectAltName, maana tangu toleo la 58 la mwaka 2017 Chrome haitazami pale pa zamani. Na ufunguo wa mamlaka hiyo uulinde sana! Anayeupata anaweza kukidanganya kivinjari chako kuhusu tovuti yoyote. Nikimaliza, mimi huondoa cheti cha mamlaka kabisa.

Kilichonitesa zaidi ni saa. Niliilaza mashine Ijumaa, nikaiamsha Jumatatu, nayo bado ikadhani ni Ijumaa. Cheti nilichotengeneza asubuhi hiyo kwenye kipakatalishi ikakikataa: eti hakijaanza kutumika. Nilipekua mipangilio ya nginx saa mbili nzima kabla ya kuandika date.

Mazoezi haya yanazidi kuhitajika. Mwaka 2025 watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kupunguza muda wa juu wa cheti: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Hapo hakuna atakayehuisha kwa mkono. Programu ndiyo itakayofanya, na ikikosea usiku, wanachama watakutana na onyo asubuhi.

Juzi niliharibu cheti mara 11 kabla ya chakula cha mchana. Katibu hakunipigia.