Giaboksi Iliyohisi Baridi Temeke

Fundi umeme wa magari huitwa mwisho. Nimeifanya kazi hii Temeke tangu nilipotoka VETA Chang'ombe, na magari mengi hunifikia yakiwa yamekwisha kufunguliwa na kubadilishwa vipuri kabla mtu hajafikiria waya. Kwa giaboksi za otomatiki hali ni mbaya zaidi. Gari likikataa kuingiza gia ya nne, kauli ya kwanza ni kwamba giaboksi imekufa, na mwenye gari anaanza kuhangaikia pesa za kununua iliyotumika, ambayo nayo hajui ilitembeaje.

Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliniletea gari lake dogo akiwa ameshaambiwa hivyo. "Mwanangu," aliniambia, "gia hii haitelezi. Inakataa tu." Nilimwamini palepale, maana gia iliyochoka huteleza: injini inapiga kelele, gari haliendi. Lake lilikwenda vizuri, ila halikuvuka gia ya tatu, na mafuta yalikwisha upesi.

Nilimwomba aliache lilale gereji. Gari lililolala usiku kucha huwa na joto moja kila mahali: maji ya rejeta, hewa inayoingia kwenye injini, oili ya giaboksi, vyote vinatakiwa kukaribiana. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, nikachomeka mashine ya kupima. Maji, nyuzi 27. Hewa, 27. Oili ya giaboksi, nyuzi 40 chini ya sifuri. Hitilafu iliyohifadhiwa ilikuwa P0713.

Kompyuta ya gari haiijui Temeke, inajua volti. Huipelekea sensa ya joto la oili volti 5, na kadiri oili inavyopata moto ndivyo ukinzani wa sensa unavyopungua na volti kushuka. Waya ukikatika, volti 5 zinabaki zilivyo, na kompyuta inazisoma kuwa ni baridi kali: ndiyo P0713. Waya ukigusa bodi inakuwa kinyume chake: P0712, na joto la kutisha kwenye oili isiyo na moto wowote. Gari la mzee lilikuwa limezuiwa gia ya juu mpaka oili ipate moto, na kwa hesabu za kompyuta haikupata kamwe. Giaboksi ilikuwa inatii amri.

Nikachomoa soketi ubavuni mwa giaboksi, nikaziunganisha nyaya mbili za sensa, zile zinazotoka kwenye kompyuta, kwa kipande cha waya. Namba ikaruka hadi zaidi ya 150. Basi kompyuta nzima, nyaya za nje nzima. Ugonjwa uko ndani. Jaribio lenyewe halimalizi dakika mbili, na inaniuma kwamba watu wanauziwa giaboksi bila kufanyiwa.

Tulimwaga oili, tukashusha sampo. Oili ilikuwa nyekundu bado, hainuki kuungua, na sumaku za chini zilishika vumbi laini tu la chuma. Kwenye nyaya za ndani ndipo niliposimama. Plastiki ilikuwa imekakamaa kwa joto la miaka. Nilipoukunja waya taratibu karibu na sensa, ganda lilipasuka na shaba ikaonekana imeachana. Sensa niliipeleka kwa mama ntilie jirani, nikaitumbukiza kwenye maji jikoni: ikiwa baridi ilisoma ohm 3,000 na ushei, maji yalipokaribia kuchemka ikashuka chini ya 500. Nzima kabisa.

Waya ule sikuuzungushia tepu, kwa sababu oili ya moto hula gundi yake. Tuliweka seti mpya ya nyaya za ndani, tukajaza oili, tukapima kina chake, kisha mzee akashika usukani kuelekea Pugu huku mimi nikitazama mashine. Nyuzi 48, 55, 61. Gia ya nne ikaingia, mlio wa injini ukatulia.

Tuliporudi aliniomba ule waya uliokatika, ampelekee fundi aliyetaka kumbadilishia giaboksi. Nilimfungia kwenye karatasi, na juu yake nikaandika namna ya kufanya lile jaribio la soketi.