“Mama, Utaiweza Kompyuta?”

Nilipoomba kazi ya uhasibu nikiwa na miaka 53, kijana aliyenihoji hakujali kwamba nimetunza hesabu za duka miaka 20. Aliuliza tu, “Mama, utaiweza kompyuta?” Binti aliyenitangulia aliniambia hakuulizwa hilo.

Nilirudi nyumbani na uchungu. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa umri. Niliazimia kudai haki yangu.

Jioni, mavyaa wangu, ambaye huuza mahamri, alitaka kumlipa muuza unga kwa simu. Nikampokonya: “Lete, hutaiweza.” Akanyamaza. Ndipo nilipojiona kuwa ni yule kijana.

Nikamtaka radhi, nikamrudishia simu, nikasubiri. Mara ya tatu, pesa zikafika.

Ndugu zangu, haki tunayoidai ofisini na ianzie nyumbani.