Tulivyozunguka Ukambani kulitengeneza upya jiko la Mama

MAMA alirushwa na stima mwezi wa Juni. Alikuwa akichomoa birika la umeme kutoka kwa soketi iliyo karibu na sinki, mikono ikiwa bado na maji. Hakuumia sana, lakini tangu siku hiyo alilifunga jiko jipya tulilomjengea nyumbani Kitui, akarudi nje kwenye mafiga yake matatu na koroboi lake.

"Jiko ni lenu, moshi ni wangu," alituambia kwa simu.

Mimi na dada yangu tukakubaliana kwamba likizo ya Agosti hatungepeleka nyumbani unga na sukari pekee. Tungelifumua jiko hilo na kuanza upya. Kwanza, hata hivyo, tungepitia Makueni kwa binamu yetu, aliyekuwa amemaliza kukarabati nyumba yake mjini Wote, ili tujifunze kutokana na makosa yake kabla ya kurudia yetu.

Tuliondoka Nairobi alfajiri. Pale Kyumvi tuliiacha barabara ya Mombasa, tukapita Machakos na kufika Katumani, mahali palipoipa jina mbegu ya mahindi ya maeneo makavu. Kuanzia hapo watoto waligandisha nyuso zao kwenye vioo vya gari wakihesabu matuta ya "fanya juu" yaliyochimbwa kwenye vilima ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kabla ya saa nne tulikuwa Wote, mji ambao ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Makueni ilipotengwa na Machakos mwaka wa 1992, na ambao sasa ni makao makuu ya kaunti.

Jiwe na machungwa

Binamu alitukamulia machungwa juu ya kaunta yake ya granaiti nyeusi iliyong'aa kama kioo. Dada yangu aliipapasa, nami nikajua anachowaza.

"Usikimbilie," binamu alimwonya. Jiwe hilo lenye unene wa sentimita mbili lina uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa kila mita mraba. Lililetwa kutoka Nairobi kwa gari, na ilibidi ajenge ukuta wa matofali wa kulibeba. Awali alitaka marumaru, lakini fundi alimkatalia. Marumaru ni jamii ya chokaa, na maji ya ndimu au machungwa huila na kuiachia madoa meupe. Terazo nayo, kwa kuwa huchanganywa saruji na vipande vya marumaru, ina udhaifu huohuo. Katika kaunti inayosifika kwa maembe na machungwa, hilo si jambo dogo.

Kisha alitufungulia droo na kutuonyesha soketi iliyoungua ikawa nyeusi kama mkaa. Alikuwa amechomeka birika na pasi kwenye waya mmoja wa kuongezea soketi. Soketi zetu za matundu matatu ya mraba zimetengenezwa kwa ampea 13. Kwa stima yetu ya volti 240, hizo ni kama wati 3,100. Birika la wati 2,000 likiungana na pasi ya wati 1,500, mpaka umevukwa. Tena soketi yenyewe ilikuwa ya bei ya chini sana, yenye vipande vyembamba vya chuma vinavyolegea na kupata moto.

Ushauri wake tuliuandika. Soketi nzuri ni nzito mkononi, swichi yake hubofyeka kwa sauti thabiti, na ina alama ya ubora ya KEBS.

Mti wa nyumbani

Siku ya pili tulipitia Kathonzweni hadi Makindu, tukafuata barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, kisha tukapinda kushoto. Tulivuka mto Athi, tukapita Ikutha na Mutomo. Wanaoikumbuka njia hii ilipokuwa vumbi tupu watashangaa jinsi lami ilivyoifupisha.

Kandokando ya njia kulikuwa na miti iliyopukutisha majani. Huo ni mukau, mti unaostahimili ukame na ambao mbao zake mchwa huziogopa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Kitui na imefanya kazi kwa miaka mingi kuboresha mbegu zake, ambazo kwa kawaida ni ngumu kuota. Mkulima mvumilivu huanza kuvuna baada ya miaka 12 hadi 15 hivi.

Tulipofika mjini Kitui tulinunua mbao pana zilizokauka vizuri, zenye wekundu wa kahawia. Seremala alitushauri tuzipake mafuta mara kwa mara na tusizifikishe kwenye sinki. Hapo tungeweka saruji na vigae.

Mto Athi jikoni?

Kutoka uani kwa Mama unaliona jiwe la Nzambani. Hadithi husema ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Watoto walitaka kujaribu mara moja, lakini fundi wa stima alikuwa ameshafika. Safari hii tulikuwa tumeomba kwanza kuona leseni yake ya EPRA.

Fundi hakuanzia jikoni. Alizunguka nyuma ya nyumba akainama kwenye kichuma kilichochomekwa ardhini.

"Athi yenu haifanyi kazi," alisema.

Mama aliinua kichwa. "Mto Athi umeingiaje jikoni kwangu?"

Tulicheka wote, naye fundi akamweleza kwa heshima. Athi ni waya unaopeleka ardhini stima inayovuja ili isipitie mwilini mwa mtu. Lakini udongo mkavu haupitishi stima vizuri, na Kitui mwezi wa Agosti udongo ni mkavu kama jivu. Kichuma chetu kilikuwa kifupi mno. Alipigilia virefu viwili na kupima kwa chombo chake. Alisema afadhali kupima wakati wa kiangazi, kwa sababu kipimo kikikubali wakati huo, wakati wa mvua hakitakuwa na shida.

Makosa yalikuwa mengi. Swichi ya taa ilikuwa imefungwa kwenye waya usiofaa, hivyo hata taa ikizimwa kishikio cha balbu kilibaki na stima. Fundi alirekebisha hilo, akaihamisha soketi mbali na sinki, kisha akafunga kifaa kinachokata stima mara inapovuja.

Nami nilijilaumu. Mwaka wa 2015, serikali ilipopunguza ada ya kuunganishiwa stima vijijini kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, tulifurahi mno hata hatukuuliza nani angetandaza nyaya ndani ya nyumba. Tulimchukua wa bei nafuu.

Mkono wa Mama

"Mwaitu, swichi tuiweke wapi?" nilimuuliza.

Hakujibu. Alifunga madirisha, akafumba macho, akaingia mlangoni kama anavyoingia usiku na kunyosha mkono. Ulipogusa ukuta, fundi alipiga alama ya chaki. Kimo cha kaunta nacho tulikipima kutoka kiwiko chake. Ile ya kwanza ilikuwa juu mno, hata alikuwa akisukuma chapati akisimama kwa ncha za vidole. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Siku mbili za kwanza Mama aliiwasha taa kwa ncha ya mwiko. Fundi alisema mwiko mkavu si ubaya. Asubuhi ya tatu, tulipokuwa tukipakia mizigo, tulisikia birika likichemka ndani. Mama alikuwa amesimama kwenye kaunta ya mukau akitupangia vikombe, mwiko ukiwa umetundikwa ukutani.

Mafiga yangali nje. Anasema muthokoi haupikwi kwa stima, na hilo hatukubishana naye.

Kwa hivyo, msomaji, ukipanga kumkarabatia mzazi nyumba mashambani, granaiti inaweza kungoja. Kwanza muulize anavyoitumia nyumba yake, kisha umtafute fundi mwenye leseni na umwambie aanzie nyuma ya nyumba, kwenye athi.