Nyumba Juu, Shamba Chini

Maji ni uhai, lakini yakivuka mpaka wake huwa mauti. Kwa sababu hii kila taifa limejaribu kuyawekea maji mpaka, au kumwekea binadamu mpaka mbele ya maji. Njia ya pili ndiyo ya busara, maana maji hayasomi sheria.

Watu wa uwanda wa Makonde walikuwa na sheria hiyo kabla ya karatasi kufika kwao. Masimulizi yao ya asili yanasema kuwa baba yao wa kwanza alichonga mti, na mti ule ukawa mwanamke. Walikaa karibu na mto, na mtoto wao alizaliwa mfu. Walipanda juu zaidi, na wa pili akawa vile vile. Walipofika juu kabisa mtoto wa tatu aliishi. Tangu hapo wazee waliusia kizazi chao kikae juu, kwani mabondeni karibu na maji mengi hukaa maradhi na kifo. Karl Weule, msomi wa Kijerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliona watu wakiishi juu ya nchi ya mchanga ambayo hunywa mvua yote isiache kijito.

Wosia huo ulikuwa na bei, na bei ililipwa na mwanamke. Kabla ya mitambo kuanza kupandisha maji katika miaka ya 1950, mama wa Newala aliteremka bondeni alfajiri na kupanda mlima akiwa na mtungi kichwani. Usalama wa nyumba nzima ulikuwa juu ya shingo yake. Alitii, kwa kuwa alichopewa badala ya taabu alikijua: watoto wake walikuwa hai.

Nchini Marekani jambo hili limetiwa katika mkataba. Kwa sheria ya mwaka 1968, serikali huwapa watu bima ya mafuriko endapo mji wao unakubali kuongoza ujenzi katika nchi tambarare za mito. Sakafu ya nyumba mpya haina budi kufikia kimo cha furiko ambalo kila mwaka lina nafasi moja katika mia ya kutokea. Ramani ikichorwa upya, mji hupewa miezi sita kurekebisha kanuni zake; usiporekebisha, wakazi wake hawauziwi tena bima hiyo. Mtu anaweza kunung'unika juu ya gharama ya kuinua nyumba, lakini hawezi kusema kuwa ametoa bila ya kupokea.

Tanzania nayo ina mpaka wake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hii ni njema, lakini neno lake kubwa ni katazo. Desemba 2011 mvua kubwa ilifurika Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Wakazi wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mji. Baadhi yao walirudi bondeni. Je, walikuwa wapumbavu? La. Mabwepande palikuwa na usalama, lakini kibarua na soko vilibaki mjini. Aliyeogopa furiko la mwaka mmoja aliogopa zaidi njaa ya kila siku.

Hapa ndipo wosia wa Wamakonde unapofaa kusomwa tena. Haukumnyima mtu bonde. Mkulima aliweza kuteremka kulima penye unyevu, akarudi kulala juu. Nyumba juu, shamba chini. Kwa mpango huo, mto ukifurika huchukua mavuno, hauchukui wana. Lakini hata wosia huo haukuwa na haki kamili mpaka maji yalipopandishwa kumfuata yule mama.

Basi mwenye kutunga kanuni za mabonde na ajiulize maswali mawili: ni nani atakayebeba mtungi wa kanuni hii, na atapewa nini? Kanuni isiyo na jibu hutiiwa wakati wa kiangazi tu, ambapo hakuna anayeihitaji.