Mdada wa Tanga, jiko la Toscana na meza ya fomaika iliyozua kasheshe

Wapenzi wa nyumba nzuri, hii inawahusu. Yupo mdada mmoja wa Tanga, ameolewa Italia miaka kumi na kitu sasa, anaishi na mume na watoto wawili kwenye vilima vya Chianti, pale katikati ya Florence na Siena. Kule kila kona ni mizabibu, mizeituni na nyumba za mawe. Mwenyewe siku zote alikuwa anakaa kwenye fleti ya mjini, jiko dogo, makabati meupe yanayong'aa, dirisha linatazama maegesho ya magari. Ndoto yake ilikuwa moja tu: jiko la kijijini, yale ya zamani, ambayo watu wanasafiri kutoka Marekani kuja kuyapiga picha.

Basi Mungu si Athumani. Mama mkwe wake, mwanamke wa miaka themanini na kitu, akavunjika nyonga, ngazi za nyumba ya shamba zikamshinda, akahamia kwa binti yake mjini. Nyumba akawaachia mwanawe na mkewe. Akawaambia, "Fanyeni mtakavyo, mimi nimeshazeeka." Yule mdada hakusubiri kuambiwa mara ya pili.

Na kwa kweli alifanya kazi, tumpe haki yake. Dari lilikuwa limefunikwa na mbao nyembamba zilizopakwa rangi. Wakabandua, wakakuta juu boriti za mti wa chesnati, nyeusi kwa moshi wa miaka nenda rudi. Sakafu ilikuwa na zulia la plastiki. Wakalitoa, chini wakakuta vigae vya udongo wa kuchoma, vile vyekundu ambavyo Watoscana wanaviita cotto. Mji wa Impruneta, si mbali na hapo, unajulikana kwa udongo huo tangu enzi. Vigae hivyo vina tabia ya kunywa kila kitu: ukimwaga mafuta ya zeituni leo, doa utakaa nalo mpaka wajukuu. Kwa hiyo viliogeshwa, vikaachwa vikauke kabisa, ndo vikapakwa mafuta ya kitani na baadaye nta. Usipovisubiri vikauke, unyevu unabaki umenaswa chini na sakafu inatoa madoa meupe.

Kuta sasa. Hapo ndipo mdada wetu alipotia fora. Fundi alitaka kupaka rangi ya kopo, mdada akakataa. Akasema anataka chokaa, kama nyumba ya bibi yake kule Pangani. Fundi akamtazama mara mbili, hakujua kwamba watu wa pwani yetu wamejenga kwa mawe na chokaa karne na karne. Akakwangua rangi ya zamani yote, maana chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki. Akalowesha ukuta, akapaka nyepesi kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Ikiwa mbichi huioni, unadhani hujapaka kitu. Inapokauka ndo inaanza kuwaka nyeupe, kila mkono mweupe zaidi ya uliotangulia. Alipaka mikono minne, na glavu, na miwani, maana chokaa ikiingia jichoni si mchezo. Uzuri wake ni kwamba ukuta unapumua na ukungu hauupendi.

Akaweka sinki la jiwe la kijivu. Akatundika sufuria za shaba nyekundu, ambazo ndani lazima ziwe na bati, la sivyo nyanya na ndimu zitakula shaba ikuingie tumboni. Akanunua madia kwenye soko la vitu vya kale. Hilo ni sanduku la mbao lenye mfuniko, zamani watu walikandia humo unga na kuhifadhi mkate wa wiki nzima. Na katikati akaweka meza kubwa ya mbao nzito, mafundo yanaonekana, nyufa zinaonekana, bei yake hata mume hajaambiwa yote mpaka leo.

Ile meza iliyokuwepo ikatolewa. Ilikuwa meza ya fomaika, kijani ya majani ya mgomba, miguu ya chuma, ukingo wa bati umeanza kuachia. Yaani kwenye jiko lile ilionekana kama mtu aliyevaa kandambili kwenye harusi. Ikapelekwa banda la zana, ikawekewa makopo ya chokaa juu, ikisubiri gari la taka.

Jumapili ya kwanza mama mkwe akaletwa kula. Mdada alikuwa ameshapika toka asubuhi, roho inamdunda. Bibi akaingia na mkongojo wake. Akatazama boriti. Akatazama vigae. Akatazama madia, akaifunua, akaifunika. Hakusema kitu. Halafu akauliza, "Meza yangu iko wapi?"

Mume akajibu haraka haraka, eti ipo bandani, ilikuwa mbovu mama, hii mpya ndo inaendana na nyumba.

Bibi akakaa. Chakula hakugusa. Wajukuu walipokwenda kucheza ndo akaongea, tena taratibu.

Alisema alizaliwa kwenye jiko kama hilo. Boriti kama hizo, moshi kama huo. Baba yake hakuwa na shamba, alilima la tajiri kwa nusu kwa nusu: mavuno yakitoka, nusu ya ngano, nusu ya divai na nusu ya mafuta vinakwenda kwa mwenye shamba. Krismasi unapeleka majogoo walionona, Pasaka unapeleka mayai, na wewe mwenyewe watoto hawajaonja. Madia yao ilikuwa na mkate wiki ya kwanza. Wiki zilizofuata walikuwa wakiifunua ili kuhakikisha tu. Mikataba mipya ya namna hiyo serikali iliipiga marufuku mwaka 1964, lakini wakati huo vijana wengi walishakimbia mashamba, yeye akiwa mmoja wao. Akapata kazi kiwanda cha viatu. Mshahara wake wa kwanza kabisa kuuweka akiba ulinunua kitu kimoja: meza ya fomaika ya kijani.

"Meza ile nilikuwa naifuta mara moja tu inakuwa safi," alisema. "Mama yangu alisugua mbao kwa majivu mpaka vidole vikachanika. Ninyi mmeniondolea meza yangu, mmeirudisha ya mama yangu."

Nyumba ikawa kimya. Binti yake akamrudisha mjini kabla ya kahawa, na kwa Muitaliano kuondoka kabla ya kahawa ni jambo zito.

Usiku ule mdada hakulala. Mume akamwambia asijali, wazee ndo walivyo. Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa bibi wa Toscana peke yake, alikuwa pia mama yake mzazi. Miaka michache nyuma alikwenda likizo nyumbani, akakuta mama amepiga plasta ya simenti nyumba nzima ya Pangani, chokaa ya bibi yote imefukiwa, dari la jipsamu limewekwa na taa za rangi. Alilalamika. "Mama jamani, mngeacha ile ya zamani, ilikuwa nzuri!" Mama akamjibu akiwa anachambua mchele, wala hakuinua uso: "Nzuri kwa nani, mwanangu? Kila mwaka nani alikuwa anapanda ngazi kuipaka, wewe?"

Siku ile aliona mama hajui thamani ya vitu. Sasa kwenye kitanda cha Chianti, akaona kwamba ameambiwa jambo lilelile mara mbili, kwa lugha mbili, na wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana. Chokaa yeye aliipenda kwa sababu hakuwahi kulazimika kuipaka. Boriti zenye moshi alizipenda kwa sababu hazikuwahi kumtoa machozi.

Alfajiri akaenda bandani na tochi. Meza ilikuwepo bado, gari la taka lilikuwa lije Jumanne. Akashusha makopo. Chokaa ilikuwa imeganda juu kwa matone. Akaifuta kwa siki, maana siki inaiyeyusha chokaa, kisha kwa maji, halafu akakausha vizuri. Kijani kikarudi. Akamwamsha mume, wakaibeba wawili. Ile meza ya bei mbaya wakaisogeza ukutani, ikawa ya kuwekea vikapu na mitungi. Ya fomaika ikarudi katikati, chini ya boriti, juu ya vigae.

Haikuendana hata kidogo. Akaiacha hivyo hivyo.

Ilichukua wiki tatu bibi kukubali kuja tena. Mdada hakuomba msamaha kwa maneno mengi, alimwambia tu, "Mama, nimekosa. Nilitengeneza jiko lako bila kukuuliza." Bibi akaipitisha mkono ile meza kutoka kona hadi kona. Akaitikisa. "Mguu huu unacheza," akasema. "Lete karatasi." Wakakunja karatasi, wakaipachika chini ya mguu, meza ikatulia.

Halafu bibi akavua saa, akaomba unga. Wakakanda pamoja pici, zile tambi nene za upande wa Siena, unga na maji, mafuta kidogo basi. Unakata kipande, unakiviringisha kwa viganja mpaka kinakuwa kamba ndefu. Mdada akaviringisha kwa mkono wa mtu aliyezoea kusukuma chapati tangu utotoni, na bibi kwa mara ya kwanza akamsifia. Unga haukung'ang'ania fomaika hata kidogo. Walipomaliza bibi akachukua kitambaa, akapitisha mara moja.

"Umeona?" akasema.

Siku hizi wageni wakiingia kwenye jiko lile wanasifia boriti, wanasifia shaba, kisha wanauliza ile meza ya kijani imenunuliwa duka gani. Mdada anawaambia haiuzwi. Na Desemba iliyopita alimpigia mama yake simu ya video, akamwomba amuonyeshe lile dari la jipsamu vizuri, na taa ziwashwe zote. Mama aliziwasha moja baada ya nyingine, ya bluu, ya nyekundu, ya njano, na kwa kila moja mdada alisema, "Imependeza, mama."

Kwa hiyo wewe unayepanga kubomoa jiko la mzee ili liwe la kizamani zaidi, kwanza muulize kitu gani humo ndani alikinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Hicho usikitoe.